Asitoke Amepauka

Mama Pendo, ambaye sasa ndiye mwenye ufunguo wa chumba cha marhamu, aliniambia siku ya kuniaga: "Mzee Luhende, unaondoka na kichwa kimejaa. Tuachie hata kurasa chache." Nikamjibu kwamba kichwa changu kimejaa harufu ya mafuta ya mgando tu, haimfai mtu. Akacheka, akanipa kalamu. Basi naandika. Sitasema nani alipandishwa cheo na nani alirukwa. Hayo mnayasema wenyewe vizuri zaidi wakati wa chai. Nitasema kazi.

Chumba mnakijua. Kiko mwisho wa ukumbi wa wagonjwa wa nje, mlango wake unakwaruza sakafu, na dirisha linatazama tanki la maji. Wengi hospitalini wanadhani ni stoo. Humo tunayeyusha nta, mafuta ya mgando na mafuta mepesi, tunakoroga, tunajaza vikopo, tunawapa watu ambao ngozi zao haziwezi kujipaka mafuta zenyewe. Maneno hayo ya mwisho yamenichukua karibu maisha yote ya kazi kuyaelewa.

Nilizaliwa Songwa. Baba alifanya vibarua kandokando ya mgodi wa almasi, akafa kifua chake kikiwa kimejaa vumbi, na mama hakukaa sana akamfuata. Niliacha shule darasa la sita. Nyuma yangu walikuwapo Shija, Ngasa, na wa mwisho Milembe, ambaye bado alikuwa anabebwa mgongoni.

Mama alipokuwa hai hakutuacha tuvuke uzio wa nyumba bila kutupaka samli, utosini hadi kisiginoni, tukang'aa kama vibuyu vya maziwa. Ukijaribu kukimbia alikushika sikio. "Hutoki kwangu umepauka," alisema. Ninyi wa huku hamhitaji kuelezwa. Mtoto mwenye miguu myeupe ya vumbi anatangaza njiani kwamba nyumbani kwao hakuna mtu.

Nikaendelea hivyo hivyo baada ya yeye kufa. Shija na Ngasa waling'aa. Milembe hakung'aa. Ngozi yake ilikunywa mafuta kama mchanga unavyokunywa maji. Asubuhi nimempaka, jua likisimama amekuwa kama aliyemwagiwa majivu. Kwenye viwiko na nyuma ya magoti ngozi ilikuwa nene, nyeusi, imepasuka, naye alijikuna mpaka damu. Siku moja gulioni nilimbeba nikapita mbele ya wanawake waliokuwa wakichagua dagaa. Mmoja akamwambia mwenzake, wala hakupunguza sauti: "Yatima huulizi. Unatazama miguu."

Nilikuwa nimempaka asubuhi ile ile.

Shangazi alisema mtoto anadaiwa jina na mizimu. Akamtafutia jina la bibi mzaa baba, akamvisha ushanga mweupe shingoni. Ushanga ukamkwaruza, shingo nayo ikachubuka, tukauvua. Jina jipya tulilisahau, mizimu haikulalamika.

Nilipokuwa mkubwa wa kutosha kushika fagio nilikuja Shinyanga mjini kutafuta kazi, na nikaipata hospitalini. Watu hudhani nilipenda hospitali. Ukweli ni kwamba niliona mwanamke mmoja anatoka na kikopo mkononi, na mtoto wake mwenye viwiko kama vya Milembe alikuwa amelala mgongoni hajikuni. Nikamuuliza kikopo kimetoka wapi. Akanionyesha mlango unaokwaruza sakafu.

Mwenye chumba wakati huo alikuwa Mama Zuhura, mtu wa Tabora, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku chache baada ya kuanza kufagia aliufungua mlango ghafla.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mfagizi anayefagia mlango wangu kuliko milango ya wenzangu?"

"Ndiyo, mama."

"Unatafuta nini?"

Nikamwambia habari za Milembe. Hakuniambia pole. Aliniangalia mikono.

"Ukifanya jambo moja kwa muda mrefu unasinzia?"

"Nimechunga ng'ombe, mama."

"Basi umeshasomea. Ingia, funga mlango, vumbi linaingia kwenye mafuta."

Hayo ndiyo yalikuwa mahojiano yangu ya kazi. Alinipa mwiko wa mti ambao mpaka leo umo kwenye droo ya juu, umelika upande mmoja kwa kukoroga. Akanifundisha jambo la kwanza, ambalo wengi wenu mnalikosea: mafuta yakishayeyuka na kuepuliwa ndipo kazi inaanza. Ukiacha kukoroga yangali vuguvugu, nta inajitenga, inakuwa punjepunje, na punje kwenye ngozi iliyopasuka ni kama kokoto kwenye kiatu. "Moto ni kazi ya jiko," alisema Mama Zuhura. "Kazi yako ni ya baada ya moto." Unakoroga mpaka chombo kiwe baridi mkononi. Hakuna njia ya mkato. Nilijaribu feni, mafuta yakajaa vumbi lililopeperushwa na feni.

Akanifundisha na mengine. Mgonjwa apake ngozi ingali na unyevu wa maji ya kuoga, asisubiri ikauke. Apake kufuata mwelekeo wa vinyweleo, asisugue. Achote kwa kijiko kisafi, asitumbukize vidole vilivyotoka kujikuna. Na umwambie mama wa mtoto kwamba hii ni pumu ya ngozi, haiambukizi, na kwamba kopo likiisha arudi, maana litaisha, na ugonjwa hautaisha pamoja nalo. Hapo ndipo nyuso ziliposawijika. Watu huku wamezoea dawa inayomaliza.

Nilimpelekea Milembe kopo la kwanza nililokoroga mwenyewe. Usiku wake wa kwanza wa kulala bila kujikuna, Shija alidhani amekufa, akamwamsha.

Katika miaka ya mwanzo alikuja mtu kutoka upande wa Kishapu na baiskeli, mwanawe amefungwa kwa kitenge kwenye karia asianguke. Mtoto alikuwa amelegea, mate yanamtoka. Ngozi yake yote ilikuwa na harufu niliyoijua tangu utotoni, ila sikuwahi kuisikia kwenye mtu.

"Nimemwogesha dawa ya josho," alisema baba, wala hakuficha. "Kidogo tu. Nimeipima kwa kifuniko, kipimo cha ndama."

Mama Zuhura alikuwa tayari anamvua mtoto nguo. "Mwanao ana kupe, baba?"

"Hana. Ana upele, hapati usingizi."

"Sasa dawa ya kupe ilikwenda kumtafuta nani?"

Tulimwosha kwa sabuni na maji mengi, tukamkimbiza wodini. Alipona, baada ya baba yake kukaa chini ya dirisha la wodi muda mrefu bila kula. Vijana wa mapokezi walianza kucheka habari ile, Mama Zuhura akawanyamazisha. Mtu yule alikuwa na ng'ombe, na ng'ombe wake walikuwa hai kwa sababu ya dawa ile. Alimpa mwanawe kitu bora kuliko vyote alivyokuwa navyo. Mkimpata mwingine kama yeye, na mtampata, mwosheni mtoto kwanza. Maneno yatafuata.

Wakati huo Milembe alikuwa anakua. Kopo lilimsaidia kulala. Halikumpa ngozi ya watu wengine. Shuleni walimwita Gome. Hakuna aliyetaka kukaa naye dawati moja, na mwalimu mmoja alimtaka avae soksi ndefu hata kwenye joto. Niliapa atamaliza shule kwa niaba yangu. Aliacha darasa lile lile nililoachia mimi. Nilimsema, nikambembeleza, nikamwita Shija na Ngasa wamseme. Alisikiliza wote, akapaka miguu yake, akaenda kisimani.

Alipokuwa mwanamke mzima alijiunga na wanawake waliokuwa wanakwenda machimboni, upande wa Bugarama, kuosha marudio. Marudio ni mchanga ambao wengine wameshauosha wakachukua dhahabu yao. Wanawake wanauosha tena mwaloni, kwenye mabwawa ya kuoshea, kutafuta iliyobaki. Nilimsindikiza mpaka Tinde, tukasubiri basi la Kahama kando ya wauza vitunguu.

"Maji ya mwaloni yatakumaliza ngozi," nilimwambia. "Kuna zebaki, kuna tope. Baki. Nitakutafutia kazi hospitalini."

"Ya kufagia mlango?"

"Hata ya kufagia."

Alinitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye niliyekuwa mdogo. "Kule kila mtu ana vumbi, kaka. Hakuna anayepauka peke yake."

Basi likaja.

Mama Zuhura alistaafu akarudi Tabora, na chumba kikabaki kwangu. Kwa muda mrefu nilikoroga tu, sijui ninachokoroga kinaziba pengo gani. Kisha akaja Daktari Anyisile, mtu wa Tukuyu, mtaalamu wa ngozi, mrefu mpaka ilimbidi ainame kwenye mlango wetu. Alikuja na utafiti. Alitaka kujua kwa nini ngozi ya mwenye pumu ya ngozi haina mafuta yake yenyewe, na kama inavyoonekana kwa watu wa nchi nyingine ndivyo ilivyo kwa watu wa huku.

Alitukusanya wote tuliokuwa tunamsaidia, akaeleza. Nayaandika kama nilivyoyaelewa.

Ngozi ni paa. Seli ni fito, na katikati yake kuna mafuta ambayo mwili unayatengeneza wenyewe, yamepangwa tabaka juu ya tabaka kama nyasi za kuezekea. Nyasi zikiwa ndefu zinalaliana, mvua haipenyi na joto la ndani halitoki. Ndani ya kila seli kuna vinasaba, yaani maagizo tuliyorithi, na baadhi ya vinasaba kazi yake ni kurefusha mafuta hayo. Kwa mwenye pumu ya ngozi, askari wa mwili wanakaa kwenye tahadhari muda wote, wanapiga yowe hata kama hakuna mwizi. Yowe hilo likifika kwenye seli za ngozi, vile vinasaba vya kurefusha mafuta vinanyamaza. Mafuta yanatoka, lakini mafupi. Paa linaezekwa kwa nyasi fupi. Maji yanatoka nje, vumbi na vijidudu vinaingia ndani, askari wanazidi kupiga yowe.

"Kwa hiyo vinasaba vyao vimeharibika?" aliuliza muuguzi mmoja.

"Wapo ambao kimoja kimeharibika tangu kuzaliwa. Lakini hivi ninavyovisema vipo vizima," alisema daktari. "Vimenyamazishwa. Kilichonyamazishwa kinaweza kusemeshwa tena, ukijua ni nani aliyekinyamazisha."

"Na samli?" niliuliza mimi. "Mtu akipaka samli kila siku?"

"Ni turubai juu ya paa. Inasaidia sana, mzee. Lakini turubai hairefushi nyasi."

Niliingia chumbani kwangu, nikakaa kwenye kiti cha Mama Zuhura. Nilimkumbuka yule mwanamke wa dagaa. Nilimfikiria Milembe, nikapiga simu yake. Haikupatikana, mwaloni mtandao ulikuwa wa kubahatisha.

Kazi yetu ilikuwa kuchukua sampuli. Kipande cha utepe wa gundi kinabandikwa kwenye mkono, kinabonyezwa, kinabanduliwa, kingine kinabandikwa palepale, na hivyo hivyo. Hakiumi. Kila kimoja kinabeba unga wa ngozi na mafuta yake, na maabara wanasoma humo mafuta yana urefu gani na ni vinasaba vipi vinavyosema. Sharti lilikuwa moja: mgonjwa asipake kitu chochote tangu jana yake.

Tukawaambia wazazi, wakaitikia. Siku ya kipimo tukawauliza, wakasema hawakupaka. Tukachukua sampuli, tukazipeleka maabara kwenye barafu. Maabara wakatujibu kwamba walichokisoma ni mafuta ya mgando na mafuta ya ng'ombe. Ngozi ya watoto hawakuiona kabisa.

Daktari hakumgombeza mtu. Siku ya kliniki iliyofuata aliniomba tukasimame getini. Tukamwona Mama Kulwa, mmoja wa wazazi waliokubali sharti mbele yetu. Amefika kwenye ukuta wa geti, amemtua mwanawe, ametoa kikopo kwenye mkoba, anampaka haraka haraka, uso, mikono, miguu. Amemaliza, ameshika mkono wa mtoto, anaingia.

"Mama Kulwa," daktari alimwita, "si tulikubaliana usimpake?"

"Sijampaka, daktari. Nyumbani sijamgusa kabisa. Hapa nimempangusapangusa tu."

"Kwa nini hapa?"

Alishangaa swali lenyewe. "Si kuna watu humo ndani?"

Daktari akanigeukia. Nilijua jibu lote, ila ningelianza ningelazimika kuanzia Songwa. Mama Kulwa akalimaliza mwenyewe: "Daktari, wewe ungependa mwanao apite katikati ya watu waseme hana mama?"

Daktari Anyisile akacheka, akajipiga paji la uso. "Mama yangu hakuniruhusu kwenda hata kwa jirani bila mafuta. Nimesahau vipi?" Akamgeukia mtoto. "Umependeza. Leo hatukupimi. Tutakuja kwenu."

Tangu siku hiyo tukawa tunawafuata watu majumbani asubuhi, kabla hawajatoka. Tunabandika utepe ndani ya nyumba, mlango umerudishwa, na tukimaliza mama anampaka mwanawe mbele yetu, ndipo mlango unafunguliwa. Sampuli zikawa safi. Na kwa kuwa tulikuwa tunafuata watu, daktari akasema tufike na machimboni, kwenye vumbi na maji ya mwaloni. Niliomba niwe kwenye gari la Bugarama.

Tulimkuta Milembe kwenye mwalo mdogo, nyuma ya makarasha yanayosaga mawe, kelele yake inaingia mpaka mifupani. Mwanamke mmoja alitoka kwenye maji akanijia.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," nilijibu, nikiendelea kumtafuta ndugu yangu nyuma yake.

"Usinipite. Mimi ndiye Gome."

Wenzake wakaangua kicheko. "Gome gani hilo!" mmoja alipaza sauti. "Huyu hapa tunamwita Kioo."

Ni kweli, alikuwa kioo. Uso laini, shingo laini, mikono inang'aa bila mafuta. Maisha yangu yote nilitaka kumwona hivyo, na nilipomwona moyo ukanishuka, kwa sababu nilishawaona wengine wa namna ile mlangoni kwangu. Ngozi ilikuwa nyembamba mno. Mishipa ilionekana kama mito kwenye ramani, na mahali alipogonga beseni palikuwa na doa la zambarau.

Daktari aliona nilichoona. "Dada, unapaka nini?"

Alileta kopo jeupe lisilo na maandishi. Lilikuwa la mchuuzi wa pikipiki anayezunguka machimboni. Wanawake karibu wote walikuwa nalo. Daktari akamweleza taratibu. Ndani kuna dawa kali. Inawanyamazisha wale wapiga yowe, ndiyo maana anapata nafuu, na hospitali nayo huitumia, kwa kipimo na kwa kupumzika. Ukiipaka kila siku, mwili mzima, inaila ngozi yenyewe. Na ukiiacha ghafla, yowe linarudi kubwa kuliko mwanzo. Aje Shinyanga, aachishwe polepole.

"Daktari, unataka kuninyang'anya uso."

"Nataka ngozi inayoubeba isichanike."

 Kisha akanyoosha mkono. "Basi nipimeni. Kaka amesema mnatafuta watu kama mimi."

Daktari aliutazama mkono ule. "Si leo, dada. Ngozi yako sasa inaongea maneno ya kopo. Ukishaachana nalo, wewe utakuwa wa kwanza."

Mkono ukarudi chini. Nilimwachia makopo yetu na dawa ya kupunguzia, nikamwonyesha jinsi ya kupokezana, hii siku hii, ile siku ile. Nikamwomba tuondoke naye siku hiyo hiyo.

"Namaliza rundo hili, kaka. Tumelinunua pamoja, siwezi kuwaachia wenzangu. Nikimaliza nakuja."

Nilipompigia alisema rundo bado. Nilipompigia tena alisema lingine limeanza. Kisha mchuuzi alisikia kuna rashi mpya, watu wanakimbilia dhahabu iliyogunduliwa karibuni, upande wa Geita, akahama na makopo yake kama wanavyohama wote, na wanawake wakabaki mikono mitupu. Dawa ya kupunguzia Milembe alikuwa amewagawia wenzake. Alikuwa hivyo.

Waliomleta walisema ngozi iliwaka siku chache tu baada ya kopo kuisha, kutoka shingoni mpaka miguuni, ikapasuka, naye akaendelea kusimama kwenye maji ya mwalo kwa sababu ya lile rundo. Mpaka homa ilipomwangusha. Walimpandisha basi amejifunika kitenge, jua kali, anatetemeka.

Nilimpokea getini. Nilipofunua kitenge usoni nikaona amepakwa mafuta. Samli nzito, juu ya vidonda, juu ya usaha, juu ya kila kitu. Aling'aa.

"Nani amekupaka hivi?"

"Nimejipaka mwenyewe, Tinde, basi liliposimama," alisema. "Nisije nikakuaibisha kazini kwako."

Vijidudu vilikuwa vimeingia kwenye damu. Walimfanyia kila kilichowezekana. Nilikuwapo, nasema ninachokijua. Daktari Anyisile alikuja hata alipokuwa si zamu yake. Katika siku ambazo alikuwa na fahamu nilikaa naye, nikamweleza habari ya nyasi fupi. Nikamwambia vinasaba vyake havikufa, vilinyamazishwa. Nikamwambia haikuwa mizimu, wala jina. Mwisho nikalitoa lile nililokuwa nimelibeba tangu gulioni.

"Haikuwa kwa sababu sikukupaka vizuri, Milembe."

Alifumbua macho. "Nilijua," alisema. "Wewe ndiye ulikuwa hujui."

Alifariki mchana, siku ya kliniki, ukumbi umejaa watu.

Mama Pendo, wewe ulikuwapo, ndiyo kwanza umeanza kazi. Wanawake walipojitayarisha kumwosha, mimi kama mwanamume sikuwa na mahali mle ndani. Nilikwenda chumbani kwangu, nikawasha jiko. Niliyeyusha nta, mafuta ya mgando, mafuta mepesi, nikaepua, nikakoroga. Mtu alibisha mlango akasema gari la Songwa liko tayari. Nilimwambia lisubiri, bado ni vuguvugu. Nilikoroga mpaka chombo kikawa baridi mkononi, bila punje hata moja. Nikakuletea wewe mlangoni kopo zima, nikakwambia: "Mpakeni vizuri. Asitoke kwangu amepauka."  Ulilipokea kwa mikono miwili.

Matokeo ya utafiti yalikuja baadaye. Daktari alinisomea polepole. Watu wa huku nao mafuta yao ni mafupi; vinasaba vya kurefusha vimenyamaza, na wapiga yowe ni walewale. Kuna sindano huko mbali, alisema, zinazowatuliza wapiga yowe bila kuila ngozi, na nyasi zinaanza kurefuka tena. Niliuliza zitafika lini Shinyanga. Akafunga kompyuta yake. "Mzee Luhende, sijui." Nilimheshimu kwa jibu hilo. Walioshiriki wamo wote ndani ya matokeo yale, Kulwa yumo, watoto wa Tinde wamo. Milembe hayumo. Mkono wake ulirudi chini.

Niliendelea kukoroga mpaka siku yangu ya kustaafu. Wengine waliniuliza kama haikuniuma kurudi kwenye chumba kile. Iliuma. Lakini makopo yalikuwa yanaisha, na watu walikuwa mlangoni.

Haya ndiyo ninayowaachia. Mwiko uko droo ya juu. Msiubadilishe na wa plastiki. Akija mtu na kopo lisilo na maandishi msimwambie alitupe leo, mwiteni daktari. Na siku ya kipimo, mama akifika na mtoto anang'aa kutoka utosini hadi kisiginoni, akaapa hajampaka, msimwite mwongo. Mwambieni mtoto amependeza, mtawafuata nyumbani. Mkifika, fungeni mlango, bandikeni tepe zenu, kisha mwachieni mama achukue muda wake wote kumpaka mwanawe. Na kama mtoto hana mama, mpakeni ninyi kabla mlango haujafunguliwa.